Direktere na Njia ya Biro

Baba,

Direktere amekula tena. Safari hii ni matembele ya Mama, mstari mzima kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji, na alichoshindwa kula amekilalia. Sekretere alimfuata nyuma akimalizia vipande, kama kawaida yake. Tangu tukuzike mvua zimeanza, majani yametoka kwa wingi, na hao kobe wako wawili, wakubwa kama mabeseni ya kufulia, wanaona bustani yote ni sahani yao.

Ni mimi nakuandikia, Polisi. Jina hilo ulinipa kwa utani, na ulizoea kuniambia, "Weye Polisi, macho yako itatoboka siku moja." Basi yametoboka. Sikiliza.

Ulipostaafu ukarani, kila mtu alijua umestaafu. Lakini kila siku saa kumi ulikuwa unaoga, unavaa shati safi, unachukua mkoba wako wa kazi, unamfungulia Direktere, na kusema, "Miye naenda ku biro," kana kwamba ofisi bado inakungoja. Mwaka wa kwanza Mama alicheka. Mwaka wa pili hakucheka. Hapa Bunia mwanaume akiwa na mwanamke wa pembeni watu husema ana biro ya pili, na wewe ya kwanza ulikuwa umeshaifunga. Tulijiambia mzee anatembeza kobe. Mimi sikuamini. Ulikuwa unarudi umenawa mpaka kwenye viwiko, na nani hunawa hivyo kwa kutembeza kobe?

Halafu kwenye matanga yako akaja mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikaa pembeni kabisa, akalia kuliko shangazi zangu, akaondoka bila kula. Nilimwona Mama akimpima kwa macho kuanzia kilemba mpaka kandambili.

Wiki ya pili Direktere akaanza vituko. Saa kumi ikifika anasukuma uzio wa matete na kutoka. Tunaziba, anatoboa. Siku moja niliacha tundu wazi makusudi, nikamfuata. Ni aibu, mtu mzima kumpeleleza kobe. Wenye moto, juu ya pikipiki zao, walinicheka barabara nzima: "Mama, panda moto, huyu atakuchelewesha!" Alikata kushoto baada ya pompa ya maji, akaingia uchochoroni, akasimama mbele ya kibanda cha turubai, akagonga mlango wa bati kwa gamba lake. Akagonga tena. Akatoka yule mama wa matangani, na kabla hajaniona akamwambia, "Direktere, rudia kwenu. Muzee hatakuya tena."

Na nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, ilining'inia suruali yako ya kahawia.

Ile yenye kiraka cha goti ambacho Mama alishona kwa uzi mwekundu. Ile uliyosema imeibiwa! Sikuuliza chochote. Hilo ni kosa langu, Baba, naliandika wazi. Nilimpakia Direktere kwenye moto, nikarudi mbio, nikamwambia Mama. Hakulia. Alishusha picha yenu ya harusi, akaiweka chini ya kitanda, uso chini, akasema kobe wote wawili wataliwa Jumamosi.

Ijumaa alikwenda mwenyewe. Nilimfuata, bila shaka. Mama Neema, ndilo jina lake yule mama, alitusimulia yote: alikimbia vita kule Fataki na watoto wake. Alipanda mchicha wa lenga-lenga kwenye kipande cha shamba alichoazimwa, na ilipokuwa tayari kuchumwa Direktere aliingia akaimaliza kwa siku moja. Ulimkuta amekaa pale analia. Ulimwomba asiseme kwa shefu wa avenue, mwenye kukata kesi za mtaa, wala kwa mkeo, kwa sababu Mama alikuwa ameshaapa: "Siku ile hii kobe yako itakula shamba ya mutu, nitaipika." Kesho yake ukaja kulima. Ulikuwa unabadilisha nguo kwake, unamfunga Direktere mguu pembeni na kumlisha magugu unayong'oa. Ndiyo maana anaijua njia. Suruali aliifua baada ya wewe kufa, akakosa wa kumpa.

Mama aliishusha suruali kwenye kamba, akaigeuza, akatazama magoti. Udongo mwekundu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya ule uzi wake, hautoki kwa sabuni. Akapitisha kidole juu yake. Kisha akasema, "Huyu alikuwa anapalia." Akakaa chini palepale, akakulilia kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Picha imerudi ukutani, imepinda kidogo. Kobe wapo.

Lakini mimi ni Polisi, na bado nina swali. Lenga-lenga huota upya kwa wiki chache tu. Wewe ulikwenda miaka miwili. Nilimwuliza Mama Neema, akasema, "Alizoea tu." Nilimwuliza Mama, akanitazama mpaka nikaangalia chini. Wewe ndiye ungenijibu, na ungenicheka kwanza. Nina hamu na wewe, Baba. Nina hamu hata na uongo wako wa saa kumi.

Jana saa kumi Mama alioga, akafunga kitenge kizuri, akachukua mkoba wako wa kazi. Suruali yako ilikuwa ndani, niliiona. Akamfungulia Direktere, akasimama mlangoni bila kunitazama, akasema, "Miye naenda ku biro."

Pumzika, Baba. Matembele nitayapanda upya, na lile tundu la uzio sitaliziba. Nakuahidi na hili, na unajua lilivyo gumu kwangu: yeye sitamfuata.

Mwanao,
Polisi