Mguu wa Nyuma wa Mbuzi wa Shukrani

Jumapili, Kakuma. Jua la leo lina kisirani, na upepo umetujaza mchanga mpaka kwenye meno. Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Nimemkosea mjomba wangu mbele ya kanisa zima. Au nimemtii Mungu. Pengine ni yote mawili.

Nianze na sifa, maana zangu ni nyingi. Kutoka Lokori mpaka hapa hakuna mtu anayemgawa mbuzi kama mimi. Shule niliiacha mapema, nikahitimu kwenye kisu. Kwa hiyo Mama Nyabol, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza chai kambini, alipoleta mbuzi wa kumshukuru Mungu kwa kupona kwa binti yake, kila mtu alijua nani atachinja.

Sasa, kwetu Waturkana nyama ina utaratibu. Wazee wanaume huketi nusu duara, hula kwanza, na mguu wa nyuma ni wa mkubwa wao. Wanawake na wageni hungoja. Mkubwa leo alikuwa mjomba Lokwang, ambaye Jumamosi ijayo anatakiwa kunitolea ngamia wa mahari ya mchumba wangu Atabo. Bila ngamia wake, sioi.

Ni hivyo tu.

Asubuhi mchungaji alihubiri kwamba Mungu hapendelei mtu. Tukasema amina, na mimi ya kwangu ilisikika mpaka barabarani. Kisha nikatoka, nikapangusa kisu, nikaangalia. Mbuzi mwembamba. Wazee wengi. Na mwenye mbuzi ameketi mchangani nyuma kabisa, yeye na binti yake, wakingoja mifupa ya mbuzi wao.

Nikaikumbuka ile amina yangu.

Nikaukata mguu. Nikaukata tena, vipande vidogo, nikachanganya na nyama nyingine, nikapanga mafungu sawa: mzee, mama, Mturkana, mkimbizi.

Mjomba akauliza polepole, "Mtoto wa dada yangu, nani amekufundisha kumkata mbuzi kama kitunguu?"

Hapo ningejibu kwa adabu. Lakini mdomo wangu hauna breki.

"Mjomba, kwani Mungu ana mjomba?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kigoda chake, akaondoka bila kuonja, na kwetu mzee kuacha nyama si jambo dogo. Mama Nyabol naye akashika fungu lake bila kula. Akaniambia, "Ndugu, mpe tu huo mguu. Mimi nimezoea."

Hilo "nimezoea" ndilo lililonimaliza. Nikamwambia asipokula, nami sili. Akala, macho chini.

Sasa fungu la mjomba liko mbele yangu kwenye bakuli. Kesho asubuhi nampelekea. Nitamwomba msamaha kwa ule mzaha, maana kumfanya mzee kichekesho mbele ya watu nako si haki. Kuhusu nyama sitaomba msamaha. Akimzuia ngamia wake, sijui nitamwambia nini Atabo.

Hivi punde nimeliongezea fungu lake kipande kinono, cha kumlainisha. Nimekitoa kwenye langu, sikumwibia mtu. Lakini nimekitazama kwa muda, na najua vizuri nilitaka kununua nini nacho.

Nimekirudisha kwangu, nikakila. Hakikuwa na ladha.

Naogopa bado. Lakini fungu ni sawa na la wengine, na ndivyo litakavyofika.