Zebaki Kwenye Chupa Tupu

Jumatatu, 4 Machi

Manyoya sitini ya mdiria, na yote nimeyaosha mwenyewe! Mdiria anakula samaki wa mto. Sumu ya zebaki ikiwa mtoni, itaonekana kwenye manyoya yake. Kazi ya miezi minane. Bwana Rudia – mkuu wetu wa maabara, tumempa jina hilo kwa sababu neno lake ni hilo moja – kapita mezani kwangu, hakuona dosari. Nimevimba kichwa, sikatai.

Jumatano, 6 Machi

Aibu. Chupa tupu – maji na asidi tu, bila unyoya – imeonyesha zebaki kwenye mashine ya kupimia. Ilitakiwa sifuri. Sasa nani ataamini manyoya yangu? Watasema zebaki nimeileta mimi. Bwana Rudia kasema rudia. Nimerudia. Chafu. Mwenzangu wa meza ya pili kaandaa yake kwa maji yale yale, asidi ile ile: sifuri. Kwa hiyo ni mimi. Mimi, ninayewasema wengine kwa uchafu!

Alhamisi, 7 Machi

Nimepima glavu, koti, kalamu. Sifuri tupu. Mchana nikinawa, maji yakateleza juu ya ngozi. Krimu! Kanipa Shangazi mwezi uliopita. Yeye anajipaka miaka sasa, uso unang'aa. Nikachota kiasi cha kichwa cha pini, nikaizimua mara elfu. Mashine ilipanda mpaka ikagoma kusoma.

Nilikaa chini. Halafu – humu daftarini hakuna wa kunisuta – nikafurahi. Nimemkamata mwizi!

Ijumaa, 8 Machi

Ningeweza kunawa na kunyamaza. Nimelipeleka kopo la krimu kwa Bwana Rudia, nikamweleza yote. Kaliangalia sana.

"Kuna watu wamestaafu hapa na makosa yao mfukoni," akasema. "Wewe lako umelileta mwenyewe."

Hakusema rudia! Nimesema mimi. Nusu ya kila unyoya bado ipo, naanza upya Jumatatu. Chupa tupu ya leo: sifuri. Nimeipiga picha.

Jumapili, 10 Machi

Tangu juzi natafuta namna ya kumwambia Shangazi. Ndiye aliyenilea, akanisomesha. Nilijiapiza: leo, tukishakula. Kumbe kawaalika majirani watano waje wamwone binti yake wa maabara! Kajipaka kuliko siku zote.

"Sumu ijifiche kwenye samaki, ijifiche kwenye ndege," anawaambia, kanishika shavu, "huyu ataitoa."

Nimeona fahari mpaka machozi yakanilenga. Ndipo jirani mmoja akamuuliza anajipaka nini. Shangazi kacheka: mwanangu pia anaitumia, ngojeni awaletee muione.

Nimeingia chumbani. Naandika nimesimama. Kopo liko maabara. Nilichonacho ni karatasi ya majibu ya krimu ile, ya kwanza kabisa yenye sahihi yangu.

"Mwanangu," anaita, "wageni wanakusubiri."