Mikono ya Ami Msabaha

Msata, Jumapili

Ami Msabaha, shikamoo.

Sisi hatujambo. Nunu wangu kaota jino la kwanza, anamng'ata kila anayembeba.

Ami, yale mabamba magumu ya bodi za malori hayapasuki tena! Wiki hii nimekunja thelathini kwa mashine yako ya kukunjia hapa karakanani, hata moja halina ufa. Nimeshusha pumzi. Kumbe chuma kile kina mistari iliyoachwa na roli za kiwandani zilizokibana kiwe bapa. Ukikikunja kufuata mistari, kinapasuka. Ukikunja kwa kuikatisha, kinatii, mradi kona isiwe kali.

Siku Baba alipokwambia, wewe kaka yake, kwamba mabamba yanapasuka kwa sababu mikono yako imezeeka, ulivua ovaroli, ukaitundika, ukarudi Pangani. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Jana nilimwambia Baba ukweli. Mkataji wa mabamba yale nilikuwa mimi, na niliyageuza makusudi ili kila bamba litoe kipande kimoja zaidi, bila mimi kujua kwamba nakufanya ukunje kufuata mistari. Mikono yako haikuwa na kosa. Unisamehe, Ami.

Asubuhi hii ovaroli yako imeanikwa uani, na Baba kaifua mwenyewe.

Mwanao,
Mardhiya