Kitabu cha Kwanza na cha Pili: kwa Mama yetu, Dorotea Luhende

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Juni 1997 ulipotutoka nyumbani Kiseke, dirisha likiwa wazi kama ulivyoomba. Baba amesema tuandike maneno ya kukukumbuka. Kaka Malimi alitaka yasomwe kanisani. Mimi, Odeta, niliomba yachapwe, maana unajua sauti yangu inavyopotea mbele ya watu.

Kwa wale ambao hawakukufahamu: ulizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, ukaolewa Mwanza na Alexander Luhende, na kwa miaka mingi ukawafundisha watu wazima kusoma. Kituo chenu kilipofungwa, kwa kuwa wakati ule kila kitu kilikuwa kinafungwa au kinauzwa, wenzako walichukua viti na meza. Wewe uliomba riwaya. Ulizileta nyumbani kwa toroli, ukazijalidi kwa karatasi za mifuko ya saruji, na chumba cha wageni hakikuwa tena na nafasi ya mgeni.

Hukuchagua. Ulisoma za mapenzi, za upelelezi, za wafalme wa zamani, na zile za Kiingereza zilizokuja zimejificha ndani ya marobota ya mitumba. Wauzaji wa soko la Makoroboi walikuwekea kwa sababu hakuna mwingine aliyeziulizia. Ulisoma huku unasonga ugali. Siku ambazo kitabu kilikuwa kitamu tulikula madonge, na Baba alikuwa akionja tonge la kwanza na kuuliza kwa upole, "Leo nani amekufa?"

Bombani, wakati wa kungoja maji, uliwasimulia majirani ulichosoma. Theluji uliona haitaeleweka, basi ikawa mvua ya mawe. Treni ikawa meli ya Nansio. Bwana mkubwa wa Ulaya mwenye jumba la mawe akawa tajiri wa sangara mwenye nyumba Capri Point. Mama Sharon, jirani yetu, alikuja na ndoo hata siku ambazo mapipa yake yalikuwa yamejaa. Alisema hawezi kulala hajui kama yule tajiri ameoa.

Hata kwenye kibanda cha video ulikwenda, ukaketi benchi moja na vijana, kwa kuwa ulisikia wanaonyesha filamu iliyotokana na riwaya unayoijua. Ulirudi umekasirika. Wamemtoa bibi, ulisema. Hadithi nzima inamtegemea yule bibi, nao wamemtoa. Wiki nzima ulikuwa ukianika nguo na kumtetea.

Aliyeazima kitabu kwako hakukirudisha kimya. Hukumwuliza kama amekipenda. Ulimwuliza, "Umemkasirikia nani?" Asiyemkasirikia mtu yeyote alipewa kitabu kilekile akasome tena. Mimi nilipokuwa mdogo na kuona haya, ulikuwa ukiinama ili nikujibu sikioni, na jibu langu hukulirudia kwa mtu mwingine.

Ulikuwa mpole hata kwa wakosefu wa vitabuni. Uliwapikia uji wagonjwa ambao hawakukuomba. Ulimsalimu mtu kwa jina lake na jina la mtoto wake, na ukangoja jibu.

Lakini kuna jambo moja uliloondoka nalo moyoni, na ndilo hasa tunalotaka kukueleza leo.

Wadogo zako wawili, mjomba Venant, fundi baiskeli wa Nansio, na mama mdogo Paskazia, mshonaji hapa Kiseke, walikuwa hawasemezani. Bibi, mama yenu, alipofariki kisiwani, mama mdogo alipata habari akiwa Mwanza, na meli ya siku ile haikuondoka. Alipofika kesho yake alikuta watu wanaosha majembe ya kaburi. Mjomba hakuwa amemngoja. Tangu hapo mama mdogo hakumpa kaka yake shikamoo, wala hakukanyaga tena Ukerewe kuliona kaburi la mama yake.

Wewe ndiye uliyekuwa unavuka na kurudi, ukimsihi huyu na kumbembeleza yule. Katika siku zako za mwisho ulimshika Baba mkono, ukamwomba asichoke kuwasihi. Baba aliahidi. Ila Baba si mtu wa maneno mengi, na sote tuliogopa kwamba ukishaondoka wewe hakutakuwa na kitu cha kuwakutanisha ila msiba mwingine. Kwenye mazishi yako waliketi ncha mbili za turubai moja.

Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa Chenge aligawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Nguo zilikuwa chache na ndugu walikuwa wengi. Alitazama rafu, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu shemeji yangu alikuwa anavaa vitabu. Basi, atakayekosa gauni atapata kitabu." Watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Akaita majina, na kila mmoja akapokea chake kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitenge. Shangazi alikirudisha chake akaomba kinene zaidi.

Kisha akafikia ile riwaya yako ya vitabu viwili, ya Tekla, mke wa mkuu wa stesheni ya reli. Baba mkubwa hasomi. Aliona vitabu vya kimo kimoja, vimevikwa karatasi moja, akaona ni doti. Na kwetu doti ya khanga ya marehemu hukatwa katikati, wadogo zake wawili wakapata kipande kila mmoja. Cha kwanza akampa mama mdogo Paskazia. Cha pili akampa mjomba Venant. Baba alifungua mdomo, akaufunga. Kaka mkubwa akishagawa, hapokonywi mtu.

Mjomba alivuka na chake. Mama mdogo alikiweka chake kando ya cherehani, na kwa miezi kadhaa tukadhani anakitumia kubania vitambaa.

Huenda yangeishia hapo kama mimi, nikiwa Chuo cha Ualimu Butimba, nisingepangiwa mazoezi ya kufundisha Nansio. Nilikaa kwa mjomba. Mvua za El Nino zilikuwa zinanyesha bila kupumzika, njia zilikuwa tope tupu, hakuna aliyeleta baiskeli, naye mjomba akaanza kusoma kwa kukosa kazi. Kitabu cha pili kinaanza, kama unavyojua, miaka mingi baada ya Tekla kuondoka kwa mumewe. Wanakutana sokoni. Mume anamwita jina, na Tekla anapita kama hamjui.

Mjomba alikereka kweli. Alikuja jikoni na kitabu mkononi kunilalamikia. Mwanamke gani mwenye kiburi namna hii, alisema; mwenzake anaita mpaka watu wanageuka, yeye anachagua nyanya.

Nilipokuwa narudi Mwanza kuwasalimu nyumbani, alinisindikiza mpaka gatini. Akiyatazama magugumaji, alisema, "Hebu kamwulize mwenye kitabu cha kwanza. Huyu mwanamke alikosewa nini?"

Jina hakulitaja.

Mama mdogo alinisikiliza huku anakanyaga cherehani. Kisha miguu yake ikasimama. "Mwambie mwenye cha pili kwamba yule mume alimwoza binti yao wakati mama mtu yuko safarini. Hakumngoja. Eti wageni walikuwa wamekwisha fika."

Nilifikisha kama nilivyotumwa. Mjomba alikuwa anaziba pancha. Gundi ikamkaukia, ikambidi apake upya.

Kuanzia hapo, Mama, kila nilipovuka nilivuka na neno lao. Mjomba aliuliza, wageni wamejaa uani, wazee wameketi, mume wa watu alitegemewa afanye nini? Mama mdogo alijibu kwamba wageni hula wali, hawali binti ya mtu. Halafu mjomba akatuma swali jingine: je, kitabu cha kwanza kinasema yule mume alikuwaje baada ya harusi? Mama mdogo akafungua, akatafuta, akakuta ukurasa unaoeleza kwamba mume aliketi stesheni mpaka asubuhi, akiitazama njia ambayo treni ya mkewe ingepitia. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba ukurasa ule alikuwa ameuruka. Hakuwa na haja na habari za mwanamume yule.

Hakuna hata mmoja aliyemtaja Bibi. Hakuna aliyetaja meli. Mimi nami sikusema kitu, nilipeleka tu.

Kisha ukatokea ubishi wa mwisho wa hadithi, na huo uliuanzisha wewe. Mama mdogo alikumbuka ulivyoisimulia bombani: Tekla anarudi, wanaangukiana, wanalia mpaka jirani wanakuja kuwatenganisha. Aliisimulia hivyo hata kwa wateja wake. Mjomba akaleta habari kwamba kitabuni hakuna kilio. Tekla anaingia, anatengewa chakula, anakula, kitabu kinaisha.

"Mwongo," alisema mama mdogo. "Dada alisema walilia."

Mjomba akajibu kwamba asiyemsadiki yeye aje asadiki macho yake, ila kitabu chake hakivuki maji. Mama mdogo akajibu kwamba naye havuki maji kwa ajili ya kitabu. Tukakaa hivyo, na mazoezi yangu yalikuwa yanakaribia kwisha. Baba alianza kuniuliza kila niliporudi, "Wamefikia wapi?" Nilimwambia wamekwama kwenye chakula cha Tekla. Baba alitikisa kichwa, kisha alikwenda peke yake kwa mama mdogo. Hatujui alimwambia nini. Alitumia dakika chache tu.

Jumamosi moja ya Machi nilikuwa nasahihisha madaftari barazani kwa mjomba, nikamwona mama mdogo anakuja na njia, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mjomba aliinuka, mikono yake imejaa grisi, hakujua aiweke wapi.

"Nimefuata kitabu," alisema mama mdogo.

Mjomba aliingia ndani akamletea, amekishika kwa kitambaa asikichafue. Mama mdogo aliketi mkekani akaanza mwishoni. Mjomba alirudi kwenye rimu aliyokuwa akiinyoosha, akaizungusha na kuizungusha, nayo ilikuwa imenyooka tayari. Mama mdogo alisoma kurasa za mwisho, akarudi nyuma, akazisoma tena.

"Hawakulia," alisema.

"Si niliwaambia?"

"Sasa Dada alikitoa wapi kilio chote kile?"

"Ndiye Dada huyo. Alishindwa kumwacha mtu amesimama nje."

Mama mdogo alicheka kidogo, halafu uso ukabadilika. Mjomba aliiweka rimu chini. Alisema bila kumtazama, "Meli ya siku ile niliingoja, Paska. Niliketi pale gatini. Wazee wakaniambia jua linamharibu mama yako. Nikawasikiliza wazee."

"Ungenisikiliza mimi."

"Hukuwepo."

"Ndiyo maana ungenisikiliza mimi."

Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali, kisha akasema, "Nilikukosea."

Mama mdogo alikifunga kitabu, akainuka, akamkabidhi. Ndipo aliposema, taratibu, kama mtu anayejaribu neno la lugha aliyoisahau, "Shikamoo, kaka."

Mjomba aliitikia "marahaba" tatu mfululizo, na mama mdogo akamwambia inatosha, ataimaliza.

Hawakulia, Mama. Walikula. Nilipika mimi, nikaunguza sato, hakuna aliyelalamika. Jioni walikwenda kwenye kaburi la Bibi, na kwa mbali nilimsikia mama mdogo akifoka kuhusu majani, na mjomba akijitetea kwamba mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Waling'oa majani mpaka giza lilipoingia.

Tumekueleza jinsi ilivyokuwa, wala hatukupamba kama ambavyo wewe ungepamba. Baba anasema ungetaka wakumbatiane. Sisi tumeridhika na haya.

Vitabu bado viko viwili. Baba mkubwa Chenge alipoelezwa kwamba ile haikuwa doti, alifadhaika, akataka kuvikusanya avirudishe Kiseke. Wote wawili walikataa. Mjomba anasema chake ni chake. Mama mdogo anasema hajamaliza kubishana naye, na Pasaka alivuka tena kwa kazi hiyo.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Jumapili hii asubuhi, kisha tutakula chakula pamoja nyumbani Kiseke. Kila aliyepata kitabu siku ya matanga aje nacho, awe tayari kutuambia amemkasirikia nani. Shangazi ameshatuma salamu kwamba amewakasirikia wote.

Unakumbukwa na mume wako, Alexander Luhende, wanao Malimi na Odeta, shemeji yako Chenge na familia yake, shangazi, Mama Sharon na majirani wote wa bombani.

Na wadogo zako, Venant na Paskazia, ambao wameomba majina yao yaandikwe kwenye mstari mmoja.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama. Pumzika kwa amani.