Dakika Tatu za Mzee Mutua

Jumatano, Januari. Baridi imegandisha mabomba ya jirani.

Nina hasira. Niliahidi blogu hii haitakuwa ya kulalamika, lakini leo niacheni.

Mjini Dallas kuna makao ya watu wasio na nyumba. Leo mchana baraza la jiji lilikaa kuamua kama yafungwe Jumatatu, katikati ya baridi hii. Wenye maduka ya jirani wanadai yanawafukuzia wateja. Diwani mmoja akasema Texas haina baridi ya kuua mtu. Aliyasema hayo akiwa amevaa koti, ndani ya chumba chenye hita.

Kizito, Mkongo anayetupigia ngoma kanisani, analala pale tangu ghala alikofanya kazi lipunguze watu. Basi kanisa letu la Wakenya likamteua Mzee Mutua akamsemee. Kila msemaji alipewa dakika tatu.

Ole wetu! Mzee alisimama kama tunavyosimama sisi. Akamsalimu mwenyekiti, akawasalimu madiwani, akaleta salamu za mchungaji, akamshukuru Mungu kwa safari njema kutoka Richardson, mji wa jirani tu, akamwomba mkewe asimame apunge mkono. Kisha akawageukia watu wa makao waliokaa nyuma, Kizito akiwemo, akawasalimu nao. Kengele ikalia. Maikrofoni ikazimwa.

"Lakini hata sijaanza!" akatuambia.

Nilitamani sakafu inimeze. Halafu aibu ikageuka hasira. Dakika tatu za kumtetea binadamu asilale nje! Kwetu hata mbuzi hauzwi kwa dakika tatu.

Madiwani wakapiga kura. Yafungwe.

Mzee alirudi kwenye kiti ameinamisha kichwa, hataki kumtazama mtu. Kizito akamshika bega, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Mzee, usisikie mubaya. Bote benye baliongea leo, ni weye tu ulitusalimia."

Nikamwambia Kizito atalala kwangu. Sofa ipo, na watoto watazoea. Akakubali, lakini tulipofika kwenye gari akaniomba tupitie makao kwanza. Wenzake wengi walikuwa vibaruani, hawajui kilichoamuliwa.

"Nani atabaambia, dada?"

Madiwani walioinua mikono makao yafungwe walikuwa wanacheka kwenye ngazi za ukumbi, wanaagana, kila mtu na ufunguo wa gari lake. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu anapaswa kwenda kuwaambia. Nikawasha gari, nikaendesha huku nikilia kwa hasira, na Kizito ndiye aliyeshuka kuwaambia.

Kesho nampigia diwani wetu. Nitamuuliza Jumatatu walale wapi, na simu sikati mpaka ajibu.