Chupa Tano za Mjomba Ezron

Bulyaga, Tukuyu
Julai 1993

Kwako dada Tulia,

Ugonile, dada. Barua hii inatoka kwa mtu mwenye pua kali kuliko pua zote kuanzia Uyole mpaka Kasumulu, na ukimpata anayebisha mlete huku nimnuse, nikwambie jana alikula nini. Usicheke. Unajuaje, labda siku moja Wazungu watanifuata kwa ndege kwa sababu ya pua hii.

Haya, salamu kwanza. Sisi hatujambo, hofu ni kwako huko kwenye joto. Mvua ya hapa unaijua, nguo tunavaa mbichi na kuvua mbichi. Mguu wa mama umepona, anapanda mlima wa kanisani bila fimbo. Baba naye mzima, bado anawaambia watu kwamba nilipoacha kidato cha pili na akili ilibaki kulekule.

Habari kubwa ni kwamba mjomba Ezron amerudi. Ndiyo, yule kaka yake mama aliyekwenda kufanya kazi melini kabla mimi sijazaliwa. Amerudi na mvi, begi moja na boksi lenye chupa tano za ramu. Basi. Mzee Ambindwile, jirani yetu mwenye mdomo, alimwambia mbele ya watu kwamba wenzake wanarudi na mabati, yeye karudi na chupa, afadhali hata zingekuwa tupu tukawekee mafuta ya taa. Mjomba alicheka. Mama hakucheka. Alikwenda jikoni akakaa huko hadi moshi ukawa kisingizio cha macho yake mekundu.

Kwa kuwa mama hataki pombe sebuleni, boksi liliwekwa chumbani kwangu, na mjomba pia. Hapo ndipo niliposoma shule ambayo baba hakuilipia. Kila jioni mjomba alifungua chupa mojawapo, akaninusisha, akanieleza bandari ilikotoka. Kuonja nilionja kidogo, mama asijue. Anasema ramu zote mama yao ni muwa, ila kila nchi inamlea mtoto wake kivyake. Ya Kuba ni nyepesi, nyeupe, imetulia kama karani wa boma aliyepiga pasi mpaka soksi. Ya Jamaika inatoka kwenye molasi, yale masalia meusi ya sukari, wanayaacha mpaka yanachacha na kupiga kelele. Ukifungua kizibo inakusalimia kabla hujakaa, harufu kama ndizi zilizopitiliza kuiva chini ya kitanda. Ya Guyana ni nzito, nyeusi, inanukia sukari iliyoungua, na mjomba anaapa kuna mitambo ya kuipikia huko imetengenezwa kwa mbao. Ya Babadosi iko katikati, ina adabu, kama mkwe siku ya kwanza.

Ya tano ni ya Martiniki, na hii hakuifungua hata siku moja. Alinieleza kwa mdomo tu. Hao hawana habari na molasi. Wanakata muwa, wanakamua, na maji yaleyale mabichi ndiyo wanayoyapika. Anasema inanukia kama bonde la Masoko tunapokata miwa ya babu asubuhi, majani yakiwa na umande.

Sasa ombi, dada. Siku hizi mambo ni ruksa, nasikia huko Dar maduka yamejaa vitu vya kila nchi. Nitafutie chupa moja ya Martiniki. Muuzaji asikudanganye: ikinukia pipi au ndizi, mrudishie. Inukie jani bichi. Ukiniletea ya Jamaika nitaijua kabla hujashuka kwenye basi.

Utauliza ya nini. Ngoja nikupe yote.

Baba aliita ndugu na majirani waje kumkaribisha mjomba, na mimi nikapanga siku hiyo Ambindwile afunge mdomo. Wazo lilikuwa langu, wale wazee waonjeshwe, mjomba awatembeze dunia wakiwa wamekaa kwenye vigoda. Ila ya tano ilinisumbua. Mjomba alisema zile nyingine zililala kwenye mapipa zikakomaa, ila hii ilitiwa kwenye chupa ikiwa bado mbichi. Nami nikajiuliza, kitu kibichi sisi tunakifanyaje? Si tunakivundika? Mama alikuwa amechimba shimo migombani kwa ajili ya ndizi za wageni, amelipasha joto kwa makaa, ametandika majani makavu. Nikaipenyeza chupa katikati ya mikungu, nikafukia. Nilijiona profesa.

Siku ikafika. Mjomba alisimama na zile nne nilizomtolea mimi kwenye boksi, na sijawahi kusikia mtu akisema vile. Walionusa walinusa, walioonja walionja, na Ambindwile, dada, alishika bilauri kwa mikono miwili akamwita mjomba "mkuu". Kisha akaiulizia ya tano. Nilikuwa nimeshanyanyuka kuikimbilia shimoni.

Mjomba akasema hiyo haifunguliwi. Akawaambia kwamba huko Martiniki ana binti. Mama wa mtoto alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha ramu, akampa chupa ile siku meli inaondoka, wakakubaliana ataifungua siku binti atakapomtafuta. Binti huyo alimpa jina la bibi yetu, Ikupa. Hakuna aliyekuwa anajua, hata mama.

Mama akaingia wakati huohuo na sinia la ndizi kutoka shimoni, ameyasikia yote mlangoni, analia na kucheka. Mjomba alichukua moja, akaimenya, akaileta puani. Akakaa. Aliila polepole sana, kisha akaomba nyingine.

Walipoondoka nilikwenda shimoni, chupa ilikuwa bado chini ya mikungu ambayo mama hakuifikia. Joto lilikuwa limefyatua kizibo, na ramu yote imenywewa na majani na ndizi. Chupa niliipangusa, nikaifunga kwenye gazeti ililokuja nalo, nikairudisha kwenye boksi. Mjomba hajaligusa boksi tangu siku hiyo. Kila asubuhi ananiuliza kama zimebaki ndizi za shimo lile, nami nampa. Leo nimemwambia zimekwisha. Amenishika bega, akaniambia basi nivundike nyingine, ziwe kama zile.

Sasa unajua chupa ninaiombea nini. Msalimie shemeji na watoto. Mama anakuombea. Na ile pua niliyojisifia hapo juu, dada, sasa nikiingia chumbani naiziba kwa kiganja, nisiinuse ile chupa tupu.

Ni mimi mdogo wako,
Jotham