Picha Ambazo Mama Hakujua Anazipiga

Shangazi Milagring, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila asubuhi nikikaanga samaki wakavu hapa Iloilo, wala sikuwahi kufikiri na mimi nitakuandikia, lakini jambo hili limenikaa kooni na wa kumwambia sina. Wiki iliyopita mama alinipa kishikwambi chake, akasema kinalalamika kimejaa, nikakifungua nifute takataka, nikakuta skrinshoti mamia kwa mamia, na mama hajui hata skrinshoti ni mdudu gani. Ila vidole vyake vina baridi yabisi, na akikishika hukibana pembeni kwa nguvu kisimponyoke, basi anabonyeza kitufe cha kuzimia na cha sauti kwa pamoja, na kila akibana, kinapiga picha ya kile anachokitazama.

Na anachokitazama, Shangazi, ni ukurasa wa kaka yangu Joemar. Joemar alioa Mwislamu wa Cotabato akabadili dini, na baba akatangaza mezani kwamba jina lake lisitajwe tena nyumbani, mama akaendelea kupakua wali, nasi tukaamini yuko upande wa baba. Kumbe kila baba akitoka uani kwa majogoo wake wa kupigana, yeye huku anamtazama mwanawe: Joemar mlangoni pa duka lake, mkewe na mimba, binti yao aliyeng'oka meno ya mbele. Katika picha moja kisanduku cha ujumbe kiko wazi na mama ameandika, "Mwanangu, umeshakula?" na ujumbe haukwenda, nikafungua picha zilizofuata, maneno ni yaleyale, siku baada ya siku anaandika na hayaendi.

Nilimweleza mume wangu, akasema, "Futa, mrudishie, nyamaza. Ukimchokoza baba yako, Krismasi yetu imeharibika." Mimi moyo unanituma nimpelekee kaka picha ile aone, lakini naogopa mama atasema nimemvua nguo hadharani. Kishikwambi bado kiko kwangu na ameshaanza kukiulizia. Nifanyeje?

Rhodora, Jaro

Rhodora mwanangu, marahaba.

Kwanza mrudishie mama yako kishikwambi leo. Wiki nzima umemnyima kumwona mwanawe, nawe unajua hivyo, halafu unaniuliza ufanyeje? Picha ya kwanza uliiona bila kukusudia, sikulaumu. Zilizofuata ulizifungua kwa kupenda.

Kaka yako usimpelekee picha. Maneno yale ni ya mama, na wa kuyatoa ni yeye. Baba naye usimwambie, si kazi yako. Mumeo anaogopa kukosa nguruwe wa Krismasi, mwache na woga wake.

Kaa na mama mkiwa wawili tu. Mwonyeshe namna ya kukiweka juu ya mto mapajani, vidole vikae mbali na vile vitufe. Kisha mwambie waziwazi: "Mama, nimemwona Joemar humu, na baba hajui." Usilie, usihubiri. Halafu muulize swali ambalo wewe hukujiuliza: amekataa kuutuma ule ujumbe, au hajui pa kubonyeza? Umeshaamua kwamba ni hofu ya baba. Nimeishi na wazee, nimewaona wanaoandika wakakaa kusubiri ujumbe uondoke wenyewe. Kama hajui, mwonyeshe, kisha ondoka ukapike, usimsimamie begani. Kama anajua na hataki, nyamaza. Zile picha mzifute pamoja, abakize anazozitaka yeye.

Sasa wewe. Barua nzima umemsema baba, umemsema mama, umemsema na mume. Simu unayo, vidole vyako ni vizima, na Joemar ni kaka yako wewe pia, lakini hakuna mahali uliponiambia kwamba umewahi kumpelekea hata salamu. Mama yako angalau ameandika. Usijifiche nyuma yake. Mwandikie kaka yako leo, kwa jina lako mwenyewe.